Skii Nyepesi za Baba Khalfan: Kutoka Sur Mpaka Mchanga wa Bidiya

Tangu turudi Sur, kila aingiaye kwangu kunywa kahawa huanza na swali hilo hilo: ati ni kweli Bwana Nassor alishuka mchanga wa Bidiya kwa vipande vya mbao miguuni? Ni kweli, mashoga zangu, na mimi mkewe nilikuwa chini ya kilima nikitazama. Nimechoka kusimulia vipande vipande, huyu nikimpa mwanzo na yule nikimpa mwisho. Leo nimekaa niandike yote.

Wengi wenu mnajua kwamba mume wangu, kabla hajanioa, alipelekwa kutoka Unguja kwenda kusoma upimaji wa ardhi huko Chekoslovakia. Kule kuna milima inayovaa theluji miezi na miezi. Wenzake wa darasani walimfundisha kuipanda kwa skii, zile mbao ndefu nyembamba za kufunga miguuni. Si ule mchezo wa kupandishwa kwa viti vya umeme halafu mtu akateleza tu. Wao walipanda kwa nguvu zao, skii miguuni, ngozi zenye manyoya zimebandikwa chini yake zisirudi nyuma, mpaka wakafika kwenye kibanda cha mbao juu kabisa. Walikunywa supu, wakalala, asubuhi wakashuka. Mimi niliyezaliwa Tabora nilizisikia hadithi hizo tangu wiki ya harusi yangu, na watoto wetu walizisikia mpaka wakawa wanamkatiza na kuzimalizia wenyewe.

Ramadhani ilipokuwa inaelekea ukingoni, ikaja simu, akaipokea uani peke yake. Wale wenzake waliobaki wamekubaliana kukutana mwisho wa majira ya baridi na kupanda mpaka kibanda kile mara moja tena, polepole, kizee. Akarudi ndani, akakaa karibu nami.

"Mama Khalfan," akasema, "nitahitaji skii. Nyepesi."

Mwanetu Khalfan, mhandisi wa Maskati, alipopata habari alikuja mbio. "Baba, mwaka jana uliteleza bafuni ukavunjika mkono. Leo unataka kwenda kuteleza mlimani kwa makusudi?"

Walivutana siku ya Idi yote, mpaka biriani ikapoa. Mwisho baba mtu akatoa sharti mwenyewe: atatafuta skii hapa hapa Omani, atapanda kilima kikubwa cha mchanga Bidiya na kukishuka, skii miguuni, bila msaada. Akishindwa, hataitaja tena safari hiyo. Akiweza, Khalfan atafunga mdomo na kumwombea dua. Wakapeana mikono. Mimi sikuulizwa, lakini nilikuwa nimeshaanza kukanda unga wa vitumbua vya njiani.

Sur mpaka Ibra: zile nyekundu

Tuliondoka asubuhi katika pikapu yetu, mimi na yeye tu. Njia nzima alikuwa akinieleza tofauti ya skii na skii, nami nikimlisha vitumbua ili anyamaze kidogo. Hakunyamaza.

Kituo cha kwanza kilikuwa Ibra, kwa binamu yake Hamed, anayeuza samani za mitumba zinazokuja kwa makontena kutoka Ulaya. Ndani ya kontena moja, katikati ya makabati, zilitokea skii, naye akamwekea ndugu yake. Hamed hakukubali tuzione kabla ya kula. Tukala shuwa, ile nyama ya kuokwa shimoni, iliyobaki ya Idi, tukala halwa, tukanywa kahawa, na mkewe akatuletea tena wali kana kwamba ndiyo kwanza tunaingia. Adhuhuri ilitukuta bado tuko mkekani.

Alipofungua ghala, nami nilivutiwa. Zilikuwa nyekundu, zinang'aa, ndefu kumpita Hamed. Mume wangu akazipapasa, akainua moja, akageuza, akachungulia mahali pa kufungia kiatu. Uso ukamsawijika.

"Hizi ni za mtu wa kushuka tu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Kisigino kinafungwa hapa, hakiinuki. Utatembeaje kisigino hakiinuki? Na uzito huu, Mama Khalfan! Uzito wa mguuni si sawa na wa mgongoni. Wa mgongoni umeubeba mara moja. Wa mguuni unauinua upya kila hatua."

Nikainua moja mwenyewe. Bega likaniambia kwamba anasema kweli.

Lakini Hamed alisimama pale amejaa furaha. "Tangu kabla ya Idi nimekuwekea! Watu wamezitaka, nikakataa!" Utamwambia nini mtu kama huyo? Tukashukuru. Mkewe, kwa kuogopa zisikwaruzike, akazifunga ndani ya godoro jembamba, juu yake akazungushia shuka jeupe, akakaza kwa kamba. Tukazilaza nyuma ya pikapu na kuondoka.

Hatujamaliza hata mtaa wa kwanza, nikamsikia akisema, "Lakini nzuri, eeh? Ile rangi."

"Baba Khalfan," nikamwambia, "usianze."

Samail: bonde limejaa maji

Skii nyingine tulizosikia habari zake zilikuwa Nizwa. Daktari mmoja mgeni, mwanamke kutoka milima ile ile ya Chekoslovakia, alikuwa anahama Omani kabisa, na kwa ujumbe wa Kiingereza alikuwa ametuambia kwamba anazo skii za kupandia. Lori la kubeba vyombo vyake lilikuwa linakuja kesho yake asubuhi. Tulitaka kufika kwake jioni ile ile.

Samail tukaacha barabara kuu tukaswali Alasiri na kununua tende. Tulipotoka msikitini, mawingu yalikuwa yamekaa juu ya majabali, meusi. Mvua yenyewe hatukuiona, lakini wadi, mto wa bondeni tuliouvuka mkavu wakati wa kuja, sasa ilikuwa inanguruma, maji ya rangi ya chai ya maziwa yakibeba magogo. Magari yakapanga mstari. Hakuna wa kwenda wala wa kurudi. Simu ya mkononi nayo ilikuwa haishiki kitu bondeni mule.

Tukashuka kunyoosha miguu. Baada ya muda nikaona wanaume watatu wanatusogelea, wamefunga mikono mbele, nyuso zimeinama. Mkubwa wao akampa mume wangu mkono akamwambia maneno kwa Kiarabu, kwa upole mwingi. Mume wangu ana sikio moja zito, na maji yalikuwa yanapiga kelele. Yeye akadhani anapewa mkono wa Idi.

"Nanyi pia!" akajibu, anatabasamu mpaka magego. "Kila mwaka nanyi mko salama!"

Wale wakatazamana. Wa pili akamshika bega. "Subira, mzee wangu. Subira."

"Subira ipi? Maji yatapungua tu, inshallah. Mimi leo nina furaha kubwa!"

Nikaona mwanamke mmoja ndani ya gari la jirani anajifuta machozi. Mwingine akaniletea chupa ya kahawa, akanikumbatia. Hapo ndipo nilipogeuka nikatazama nyuma ya pikapu yetu: kitu kirefu, kimefungwa shuka jeupe, kamba kichwani na kamba miguuni.

"Ya Rabbi," nikasema kwa Kiswahili, "wanadhani tuna maiti!"

Msichana mmoja aliyekuwa karibu akageuka ghafla. "Bibi, wewe Mswahili? Mimi babangu ametoka Bujumbura. Mimi nasikia, kusema kidogo-kidogo." Aliitwa Amal, mwalimu, naye alikuwa amekwama kama sisi. "Sasa hii maiti si maiti?"

Nikamweleza. Akapiga ukelele wa kicheko, kisha akawageukia wale wanaume na kuwafasiria. Mkubwa wao hakuamini mpaka mume wangu alipofungua kamba mwenyewe. Nyekundu ile ilipochomoza kwenye shuka, mstari mzima wa magari ulicheka. Watu wakaja kuzishika, kuziinua, kuuliza. Mwingine akasema ni mbawa za ndege, mwingine akasema ni za kuogelea, basi azivae avuke wadi atuletee habari za ng'ambo. Mume wangu akasimama kwenye kokoto na kuwaonyesha namna ya kukunja magoti. Sijui lini alipata wasikilizaji wengi hivyo.

Maji hayakupungua. Baba yake Amal, anayekaa upande huu huu wa maji, alikuja kumtafuta binti yake, akasema hatulali ndani ya gari yeye yupo. Kwake tulikula samaki wa kupaka na mandazi, na wazee hao wawili wakaulizana habari za Bujumbura na Unguja kama waliosoma pamoja. Mimi nililala na wasiwasi mmoja tu: lori la asubuhi.

Nizwa: sebuleni kwa daktari

Asubuhi maji yalikuwa yamepungua tukavuka, lakini tulifika Nizwa lori limeshajaa. Daktari, mama mrefu mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, alikuwa kibarazani akibishana na wapakizi, jasho linamtoka. Alipotuona akasema kwa Kiingereza, kwa mkato, kwamba alitungoja jana, kwamba kila kitu kimeshafungwa, kwamba samahani.

Mume wangu akavua kofia. Akasema jambo kwa lugha ya kule.

Mashoga zangu, nimeolewa naye zaidi ya miaka thelathini. Nilijua kwamba anaijua lugha ile kama ninavyojua kwamba mwezini kuna mawe. Kuisikia sikuwahi. Yule mama aliganda, karatasi mkononi. Kisha akajibu, taratibu, kama mtu anayejaribu kufuli. Mume wangu naye akajibu. Akakosea neno, mama akamsahihisha, akalirudia. Mara wakawa wanacheka wote wawili, na kicheko cha mume wangu kwa lugha ile kilikuwa kingine, cha kijana nisiyemjua. Nilisimama mlangoni na mkoba wangu nikijisikia kama niliyempata mtu mpya. Sikuona wivu, niliona fahari.

Daktari akaamuru lori lifunguliwe. Wapakizi walinung'unika, akawanyamazisha. Zikatoka jozi mbili na fimbo zake za kujisukumia, zote za kupandia, zote kisigino kinainuka.

Za kwanza zilikuwa pana, mpya kidogo. Za pili zilikuwa nyembamba na fupi, zinamfikia mume wangu kidevuni, rangi imebabuka. Daktari alipendekeza zile pana, akarudi kwenye Kiingereza ili nami nifuate. "Pana zinasamehe. Ukikosea zinakushika. Hizi nyembamba ni nyepesi sana, ukienda kasi zinatetemeka. Zinataka mtu mtaratibu."

"Lakini kwanza nifike juu," mume wangu akasema.

"Na ukifika, ushuke mzima," daktari akamjibu.

Kila mmoja alikuwa na haki yake. Basi wakavuta zulia la mwisho lililobaki sebuleni, mume wangu akavaa viatu vigumu vya marehemu mume wa daktari, akafunga zile pana. Akaanza kutembea pale pale aliposimama, anainua mguu huu, anaweka, anainua ule, kana kwamba anapanda. Alianza anatusimulia habari za kibanda cha mbao. Kidogo kidogo maneno yakapungua. Mwisho zikabaki pumzi tu. Akapumzika, akafunga zile nyembamba, akaanza upya. Safari hii akasimulia kibanda, supu, mpishi aliyekuwa akiwaficha mkate, mbwa wa mpishi, na mguu unakwenda, na mdomo unakwenda.

"Chukua hizi," nikasema.

Wote wakanitazama.

"Zile zilikunyamazisha," nikamwambia. "Mimi sijui skii, lakini mume wangu namjua. Akinyamaza kachoka."

Daktari akatafakari, kisha akacheka, akamshika mume wangu mkono na kumwambia jambo kwa lugha yao. Nilipouliza amesema nini, mume wangu akaona haya kunifasiria. Alinifasiria garini: kwamba yeye daktari angekuwa na mtu wa namna hiyo milimani, asingevunjika mguu mara mbili.

Sinaw: mama wa mbuzi

Tulirudi kwa njia ya Sinaw, maana mume wangu alitaka kununua kamba nzuri ya kusokotwa ya kubebea skii mgongoni, na kamba kama hizo huuzwa na Mabedui siku ya mnada wa mifugo. Soko lilikuwa limepamba moto, mbuzi wanalia, ngamia mmoja amegoma kupanda garini na watu saba wanamsukuma matako.

Tulipokuwa tunachagua kamba, mama mmoja mwenye barakoa ya Kibedui usoni alikuwa akizizunguka skii nyekundu. Akazigonga kwa fimbo. Akazipima kwa shubiri. Mwisho akatuuliza kwa ukali kama zinauzwa.

"Za nini kwako, mama?" mume wangu akamuuliza.

"Mlango wa zizi. Mbuzi wangu wanatafuna mbao zote. Hizi hawataziweza."

Mume wangu akazitazama zile nyekundu, nami nikamtazama yeye. Nilijua ilikuwa inamuuma. Akamwambia achukue tu, ni zawadi. Yule mama hakukubali kuondoka na zawadi ya mtu asiyemjua bila kurudisha kitu. Akaingia katika mifugo yake, akarudi na beberu mchanga mweupe, akamtia nyuma ya pikapu, akampa mume wangu na kamba bora kuliko zote tulizokuwa tumezishika. Ukifika karibu na Sinaw ukaona zizi linalong'aa mlango mwekundu, hakuna haja ya kuuliza.

Bidiya: kilima

Kambi tuliyofikia Bidiya ni ya Said, Bedui aliyewahi kufanya kazi na mume wangu kupima barabara. Beberu alichinjwa tulipofika. Said aliziona skii, akasikia shauri lote, akasema yeye kazaliwa juu ya mchanga ule na hajaona mtu mwenye akili akiushuka kwa mbao, lakini atapenda kuona.

Asubuhi baada ya Alfajiri, mchanga ukiwa bado una baridi na umekaza kwa umande, Khalfan akatokea kutoka njia ya Maskati. Alikuja na gari lake kubwa la kupanda mchanga, kwa kasi, ili awe tayari kumwahi baba yake akianguka. Hakupunguza upepo wa magurudumu. Chini ya kilima gari likazama mpaka mlangoni. Said akalizunguka, akasema, "Hili halitaokoa mtu leo."

Mume wangu alikuwa ameshapaka nta ya mshumaa chini ya skii. Zile ngozi za kupandia aliziacha. Alikuwa amejaribu kidogo jioni iliyotangulia, akaona mchanga wenyewe unashika mbao wakati wa kupanda, kazi ni kuteremka tu. Akafunga vifungio, akaniambia, "Haya, Mama Khalfan," kama anakwenda dukani, akaanza.

Alipanda ubavu wa kilima usio mkali, ambao pale chini tuliuona wote, akikata mshazari kwenda na kurudi. Mguu, mguu, fimbo, fimbo. Nilitarajia kuona mzee anayejikokota. Niliona mtu anayejua kazi yake. Skii hakuziinua, alizisukuma mbele tu, kila hatua sawa na iliyopita, hana haraka na hasimami. Khalfan alitembea kando yangu huku na huku. "Moyo wake, Mama. Ule moyo wake."

"Moyo wake uko sawa. Tazama miguu."

Zilikuwa zimebaki hatua chache kufika ukingoni, akasimama. Akainamia fimbo zake. Kisha akakaa chini.

Khalfan akatoka mbio. Mchanga ukamla mpaka kwenye kifundo, nami nikamfuata nikamkamata kanzu kwa mikono miwili.

"Niache, Mama! Humwoni?"

"Namwona. Amekaa, hakuanguka. Ukimfikia sasa umemvunja kuliko mchanga."

Sitaki kuwadanganya, mashoga zangu. Nilimzuia mwanangu, lakini hofu yangu ilikuwa kama yake. Nilisema moyoni, ewe Mola, kama nimekosea, nimekosea mbele ya mtoto wake. Pale juu mume wangu alivua kiatu kimoja, akakung'uta mchanga, akakivaa tena. Kumbe ndiyo hiyo tu! Akasimama, akamaliza zile hatua, akasimama ukingoni na jua linamtokea mgongoni. Said, ambaye hakuamini, alipiga takbira peke yake.

Kisha akazielekeza skii upande mkali, unaotutazama sisi.

Nilikuwa nimetegemea mbio na kishindo. Haikuwa hivyo. Alikuja taratibu, amekunja magoti, anageuka kushoto, mchanga unamwagika kama unga kutoka kwenye chekecheo, anageuka kulia, unamwagika tena. Zile skii nyepesi zikatetemeka mara moja katikati, nikaona mikono yake inapanuka, akazituliza. Mchanga ulitoa sauti, mvumo mzito kutoka ndani ya kilima, mpaka niliuhisi miguuni. Mistari miwili ilibaki nyuma yake, imejikunja vizuri kama maandishi ya mwalimu.

Karibu na chini skii moja ilijizika, akaanguka ubavu, akabingirika mara moja. Khalfan akaruka. Kabla hajafika, mume wangu alikuwa ameshajisukuma kwa fimbo, amesimama, mchanga masharubuni, anashuka ile sehemu iliyobaki. Akasimama mbele yetu. Alikuwa anahema, lakini alikuwa anazungumza.

"Umeona?" akaniambia. "Umeona ile ya kulia? Ile ya kulia ilikuwa nzuri!"

"Nimeona," nikasema. Nikampangusa mchanga masharubuni. Nilitaka ulimwengu mzima uwe umeona.

Khalfan akasimama mbele ya baba yake, mtu mzima mwenye mvi zake za kwanza, hajui aweke wapi mikono. Mwisho akaushika mkono wa baba yake, akaubusu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Si umeniamkia asubuhi?"

 Khalfan alikuwa ameshapiga magoti mchangani, anamfungulia baba yake skii, moja baada ya nyingine, akizifuta mchanga kwa kilemba chake.